Ndege ya Barazani Newala

Kiti alichopewa Getrude kilikuwa katikati ya katikati. Ukitaka kutokea kulia unamwamsha mtu, ukitaka kutokea kushoto unamwamsha mwingine. Kulia alikaa baba mmoja mnene, mpole, aliyeomba radhi kwa ajili ya mabega yake kabla hata hajayaegemeza. Kushoto alikaa mama wa makamo aliyevaa soksi za kubana mpaka magotini, ambaye alijifunika blanketi ndege ikiwa bado imesimama, kama mtu aliyelipia usingizi tu. Na mapajani mwa Getrude alikuwa Elineema, mtoto wa miezi minane ambaye baba yake hajapata kumtia machoni isipokuwa kwenye simu.

Kitanda kidogo cha kuning'inizwa ukutani, kile alichoahidiwa, kilikuwa kwa watu wa mstari wa mbele kabisa, na mstari wa mbele walikuwa wamekwisha kukaa wazazi wenye mapacha. Dada wa kaunta kwenye uwanja wa kubadilishia ndege alimweleza hayo mara mbili, taratibu, na Kiingereza cha masomo ya jioni kikamtosha Getrude kuelewa. Mapacha ni mapacha. Akamkumbatia mwanawe, akaja kukaa alikopangiwa.

Alipapasa mkono wa kiti. Akaingiza kiganja kati ya goti lake na mgongo wa kiti cha mbele. Kiganja kimoja kikaingia, cha pili kikakataa. Akatabasamu peke yake. Hajati Pili alikuwa amepatia.

Maana kiti hiki hakikuwa kigeni kwake. Kilikuwa na mazoezi yake, na mazoezi yenyewe yalifanyikia Newala, barazani kwa bibi yake, kwenye viti vya plastiki.

Alipanda kwenda Newala kiasi cha mwezi hivi kabla ya safari, akiwa na neno moja mdomoni: siendi. Gari lilipoanza kupanda kuta za uwanda, likayaacha chini majabali ya Masasi na joto lake, upepo wa baridi ukaanza kupenya dirishani, na Getrude akawa anapanga jinsi ya kulisema. Alilipanga kwa upole, akalipanga kwa ukali, akalipanga kwa kicheko. Kwa vyovyote halikukaa vizuri.

Mumewe, Nehemia, alikuwa mwalimu kutoka Same, aliyeletwa Masasi na ajira. Jioni alijitolea kuwafundisha Kiingereza watu wazima. Getrude mchana kutwa alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule, jioni anakwenda kukaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakigonga mbao, mgongo ukiuma, na mbele yake mwalimu mwembamba anayeandika ubaoni kwa herufi za mviringo. Walipooana aliendelea kumwita Mwalimu, na mpaka leo anamwita hivyo. Mimba ya Eli ilipokuwa changa Nehemia akapata nafasi ya kusoma Kanada. Akaondoka akilia waziwazi, kitu ambacho watu wa mtaani walikizungumza wiki nzima. Sasa kibali cha mke na mtoto kilikuwa kimetoka, na tiketi zipo.

Kilichomvunja moyo Getrude ni basi. Alikuwa amekwenda Dar na Eli kutoa alama zake za vidole za kibali, na mtoto yule alianza kulia Ndanda akanyamaza Mbagala. Alimnyonyesha, akamwimbia, akampakata hivi na vile. Kijana mmoja wa viti vya nyuma akauliza kwa sauti, ili basi zima lisikie, "Mama, mtoto huyo umemwibia nani?" Watu wakacheka. Getrude naye alicheka kidogo, kwa aibu, lakini lile neno lilimwingia likakaa. Kama kwenye basi ni hivyo, kwenye ndege isiyosimama njiani kununua hata ndizi itakuwaje? Ukishashindwa huko, unashukia wapi?

Alimkuta Bibi Dorika uani, anatwanga makopa ya muhogo. Akaamkia, shikamoo Bibi, marahaba mjukuu wangu, Eli akapokewa, akabusiwa, akapimwa uzito kwa mikono, akaonekana amepungua. Ndipo Getrude akalitoa neno lake. Akasema Nehemia amalize tu masomo, miaka miwili iliyobaki si milele, yeye na mtoto watamsubiri Masasi.

Bibi Dorika hakubishana. Aliukung'uta mchi unga uliokuwa umegandia, akauliza tu Eli atakuwa na umri gani baba yake akirudi.

"Anakaribia miaka mitatu."

"Sawa. Na mpaka hapo baba atamwita nani? Simu?"

Kisha akamtuma mtu akamwite Hajati Pili.

Katika mtaa ule Hajati Pili ndiye peke yake aliyewahi kupanda ndege. Alikwenda Makka zamani, mwaka ambao korosho zilikubali, na tangu hapo hadithi ya ndege ile ilikuwa imesimuliwa kwenye kila msiba na kila arusi, hata watu ambao hawakuwahi kufika uwanja wa ndege walijua mkate wake ulikuwa mgumu kiasi gani. Alikuja kwa mwendo wake wa taratibu, fimbo mkono huu, mto wake wa kukalia kwapani. Alipoelezwa shida hakushangaa. Alisema mtu hawezi kuogopa kiti asichokijua, kwanza akijue.

Basi akaunda ndege.

Mjomba Modest, mtoto wa mwisho wa Bibi Dorika, alikuwa na viti vya plastiki vya kukodisha kwenye shughuli. Akaagizwa alete. Hajati akavipanga barazani, vitatu mbele, vitatu nyuma, akawa anavisogeza kwa ncha ya fimbo: karibu zaidi, bado, karibu zaidi. Kipimo chake kilikuwa kile cha viganja. Kimoja kiingie, cha pili kikatae. Modest akasema kwa nafasi hiyo hata mbuzi wangegoma, na kuku kwenye tenga wana raha kuliko hao wasafiri. Hajati akamwambia mbuzi hawaendi Makka, akae mbele pale aache maneno.

Getrude akaketi kiti cha katikati. Kulia kwake akakaa Hajati mwenyewe, na mto wake. Kushoto likawekwa gunia la makopa, liwe abiria. Bibi Dorika akawa mhudumu. Alipita na sinia la ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, tena kwa madaha, kiuno kimenyooka, akiuliza kila mmoja kama atakula au atakunywa, na gunia nalo akaliuliza.

Hajati alifundisha yote aliyoyakumbuka. Viatu vuliwe mapema, kwa sababu ukikaa tu bila kuinuka miguu inavimba kama mihogo iliyolowekwa. Zungusha vifundo vya miguu huku unaongea, hakuna atakayekuona. Midomo itakauka, beba mafuta. Masikio yataziba wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, basi hapo mtoto apewe ziwa, ameze, yazibuke. Baridi itakuja kutoka juu kichwani, si kutoka dirishani kama ulivyozoea. Katika ndege yao, alisema, wazee wengine walikataa kabisa kuning'iniza miguu. Walivua makubazi wakapandisha miguu kitini, wakakaa kitako kama wako kwenye jamvi, na safari ikawa nzuri.

"Halafu wa mbele yako atakulalia," Hajati akasema. "Kuna kitufe. Akikibonyeza, mgongo wa kiti unakuja wote mpaka puani. Modest, hebu laza."

Modest akajirusha nyuma kwa bidii ya mtu aliyesubiri zamu yake. Kiti cha plastiki hakina kitufe. Miguu ya nyuma iliteleza kwenye sakafu, na mjomba mtu akaenda chini na kiti chake, miguu juu, mng'oko bado uko mdomoni.

"Ndege imeanguka," akatangaza kutoka pale sakafuni.

Watu wa njiani waliokwisha kusogea kutazama walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Lakini Bibi Dorika alikasirika kweli. Alimwambia mwanawe neno hilo lisisemwe tena katika nyumba hii mwenye safari akiwa amekaa hapo, aliteme. Na Modest, mtu mzima na ndevu zake, akainuka akaenda kuutema mng'oko na neno lake nje ya baraza, ndipo akaruhusiwa kurudi.

Ikafika zamu ya mtoto. Hajati akakunja kanga ikawa mkanda, akamfunga Getrude kiunoni na kitini, na Eli akawekwa mapajani. Alitulia kwa muda wa kumeza mate. Kisha akajikunja mgongo, akasukuma kwa miguu, akaanza. Kilikuwa kilio kilekile cha kwenye basi, barabara ya Kilwa. Getrude alimnyonyesha, akakataa. Akamwimbia, naye akalia kwa juu zaidi. Watu wa njiani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na hata Hajati Pili akauvuta mto wake, akaukumbatia.

Getrude akafungua ile kanga. Machozi yalikuwa yanamtoka yeye pia. "Umeona, Bibi?"

Bibi Dorika alimchukua Eli. Akamtupia mgongoni, akamfunga mbeleko, akaenda kwenye kinu chake. Mchi ukapanda, ukashuka. Ukapanda. Kabla makopa hayajavunjika vizuri, kichwa cha Eli kilikuwa kimelala kati ya mabega ya bibi, shavu limebonyea, mdomo wazi.

Getrude alisimama akatazama, na kitu kikamrudia ambacho hakujua kama bado anacho. Mgongo ule aliujua kwa ndani. Mama yake alipoolewa tena akahamia Lulindi, Getrude alibaki na Bibi, na mgongo ule ulikuwa ndiyo nyumba yake. Alikumbuka sikio lake limegandamana na kitambaa, sauti ya Bibi ikija si kama maneno bali kama mvumo, ukipita kwenye mifupa. Akizungumza na jirani, akimfukuza kuku, akiimba pole pole wakati wa ukungu. Alikumbuka harufu ya moshi na jasho na unga mbichi. Alikumbuka dunia nzima ikipanda na kushuka. Hakuwahi kulala vizuri namna ile tena, si kwenye kitanda cha mbao, si kwenye godoro la arusi.

Ndipo akaelewa la mwanawe. Alijifungua akiwa hapa hapa kwa Bibi, kama desturi ya mimba ya kwanza, akakaa mpaka mtoto akakomaa shingo. Kila mchana Eli alikuwa mgongoni kwa Bibi, na kinu. Waliporudi Masasi, Getrude alinunua unga uliosagwa mashineni, akakaa kwenye cherehani, na mtoto akawa analazwa kitandani kimya kimya kama mtu mzima. Alikuwa hakatai usingizi. Alikuwa anaungoja mahali pake pa kawaida.

"Lakini Bibi, kwenye ndege hakuna kinu."

"Hiki kinu amekishika yeye? Amelala na mgongo wangu. Mgongo wewe unao, au umeuacha Masasi?"

Mazoezi mapya yakaanza, na haya hayakuwa ya Hajati. Getrude alifunzwa kusimama, kulegeza magoti, kuinuka na kushuka bila mchi, mikono mitupu. Hilo lilikuja upesi. Lililomshinda ni la pili. Bibi alikuwa na namna ya kumhamisha mtoto aliyelala kutoka mgongoni mpaka kifuani bila kufungua mbeleko. Alilegeza fundo kwa mkono mmoja, akapitisha mwingine nyuma, na mtoto akaja akiteleza chini ya kwapa, nyonga, tumbo, huyo kifuani, bado anakoroma. Shambani alifanya hivyo jembe likiwa begani. Getrude alipojaribu, Eli alikwama kwapani akaamka. Alijaribu tena kesho yake, akakwama. Na kesho yake.

"Unamtoa kama gunia kwenye gari," Bibi alimwambia. "Mtoto hatolewi. Anahama mwenyewe, wewe unampisha tu. Vuta pumzi kwanza. Wewe ukishusha pumzi na yeye anashusha, hapo ndipo anapohama."

Mpaka anaondoka Newala hakuwahi kulipatia hata mara moja. Lakini hakusema tena siendi, na Bibi hakumuuliza. Alimkunjia tu mbeleko yake mwenyewe, kanga iliyopauka hata maandishi yake hayasomeki, ile iliyombeba mama yake Getrude, na Getrude, na sasa Eli. Hajati Pili alileta mto wake wa kukalia. Getrude aliupokea kwa mikono miwili, akamrudishia kwa heshima, akisema mto huu ukienda Kanada, hapa barazani utakalia nini, Bi Hajati.

Na sasa hapa alipo, kiganja kimoja kinaingia, cha pili kinakataa.

Ndege ilikuwa imetulia juu. Wahudumu walipita wakifunga madirisha, ingawa nje ilikuwa mchana wa jua kali, wakazima taa, ukawa usiku wa kutengenezwa. Wa mbele akalaza kiti chake. Kilikuja chote mpaka puani, kweli. Baridi ikamshukia Getrude utosini. Alizungusha vifundo vya miguu kwenye soksi, akapaka midomo mafuta, akawa anangoja, kwa sababu alijua kinachokuja.

Eli akajikunja mgongo, akasukuma kwa miguu, akaanza.

Vichwa viligeuka. Mama wa soksi aliufunua uso wake. Baba wa mabega alitoa funguo zake akazitikisa, maskini, na Eli akazitazama akalia zaidi. Getrude alisikia lile neno la kwenye basi likisogea kutoka viti vya nyuma, ingawa hakuna aliyelisema. Umemwibia nani. Kwa kitambo alitamani kweli kushuka.

Akafungua mkanda. Baba yule akainuka mzima mzima kumpisha, akitembeza tumbo lake kama meza, na Getrude akapita na mtoto na mbeleko, akaenda nyuma kabisa, penye jiko dogo la wahudumu, ambapo kuna kinafasi cha watu kusubiri choo. Mhudumu mmoja alikuwa akipanga vikombe. Getrude alikusanya Kiingereza chake, sentensi ya kuomba ruhusa, ile ambayo Mwalimu aliwakaririsha darasa zima mpaka wakaichukia, akaomba asimame pale kidogo na mtoto. Mhudumu akamwonyesha kwa mkono kwamba ni pake.

Akamtupia mgongoni. Akafunga. Akalegeza magoti, akatwanga.

Alitwanga mikono mitupu, kati ya friji na mlango wa choo. Mwanzoni aliona haya. Mzee mmoja aliyekuja kunyoosha miguu alimtazama, akatazama pembeni. Lakini mwili una kumbukumbu zake, na baada ya kupanda na kushuka mara kadhaa Getrude hakuwa tena pale. Alikuwa uani Newala, ukungu unainuka kutoka bonde la Ruvuma, makopa yanapasuka, Bibi anavuma wimbo wa pole pole. Akauvuma na yeye. Alihisi sauti yake ikishuka mgongoni, ikipita kwenye mifupa yake yeye, ikimfikia mtu. Kilio kikawa kwikwi. Kwikwi zikaachana. Kisha kile kitu kidogo cha moto kikamwangukia kati ya mabega: shavu.

Mhudumu, aliyekuwa anatazama muda wote huo, akanong'ona kumuuliza hiyo ngoma ni ya wapi. Getrude hakuwa na neno lake kwa Kiingereza. Akajibu kwamba anatengeneza unga. Yule dada akacheka bila sauti, na alipoondoka na jagi lake la kahawa alikuwa anakwenda kwa mapigo yaleyale.

Alitwanga mpaka mapaja yakawaka moto. Hakujali. Ndipo ndege ikashtuka.

Ilishtuka mara moja, kama gari lililopita tuta bila kulitegemea, halafu tena. Kengele ikalia, taa za mikanda zikawaka. Mhudumu akarudi mbio, uso wake umebadilika, akasema lazima akae, sasa hivi, na mtoto hawezi kuwa mgongoni. Awe mbele, afungwe kamkanda kake kanakoungana na wa mama. Alisema pole, lakini alisema lazima.

Getrude alikwenda akishikilia vichwa vya viti. Baba wa mabega akainuka, akapisha, akakaa tena haraka. Na Getrude akabaki amesimama ndani ya ule upenyo, goti limegusa kiti cha mbele, kiti chake kimemgusa mapaja kwa nyuma, na mtoto usingizini mgongoni. Kama angemfungua angeamka. Na kama angeamka sasa, kwa mtikisiko huu na mikanda hii, hakuna kusimama tena, hakuna kutwanga, ni kilio mpaka Kanada.

Alishika fundo. Akaona viti vya plastiki, akaona gunia la makopa upande wa kushoto likimsubiri. Anahama mwenyewe, wewe unampisha tu. Getrude akavuta pumzi, akaishikilia, akaishusha yote. Na nyuma yake, kwenye uti wa mgongo, akahisi kifua kidogo nacho kikishuka.

Akampisha.

Eli alikuja chini ya kwapa kama kitu kinachoteleza kwenye mafuta. Nyonga. Tumbo. Kichwa kikatua kifuani, kikatafuta mahali, kikapata. Jicho moja likafunguka, likamtazama mama yake kwa mbali kama mtu anayepita njia, likafunga.

Aliketi taratibu kuliko alivyowahi kuketi maishani mwake. Mama wa soksi, bila kuambiwa, alinyoosha mkono akamuungia kale kamkanda, akalifungua blanketi lake akawafunika wote wawili.

Kisha ndege ikatikisika kweli. Watu walishika mikono ya viti, baba wa mabega alifumba macho midomo ikimchezacheza kwa sala, kikombe cha mtu kikaanguka. Dunia nzima ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka. Getrude alimtazama mwanawe akitegemea mabaya, na akaona mdomo wake unalegea, mikono inafunguka, usingizi unazama zaidi na zaidi, usingizi ambao hakuwa ameuona usoni pake tangu watoke Newala. Ilimchukua muda kuelewa. Ndege yenyewe ilikuwa inatwanga.

Akacheka. Alijaribu kuzuia kwa sababu ya wenzake waliokuwa wanaogopa, lakini kicheko kilimtoka kwa pua, na baba wa mabega akafumbua jicho, akaona mwanamke anacheka na mtoto anakoroma, akaonekana kupata nafuu kidogo.

Walilala hivyo, wima, Eli kifuani na yeye kaegemeza kichwa kwenye bega la mtu asiyemjua, aliyeliombea radhi mwanzo na sasa alilituliza lisimwamshe. Wakati wa kushuka alimpa mtoto ziwa, akameza, masikio yakazibuka. Miguu yake yeye ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa.

Nehemia alikuwa amesimama mbele ya watu wote, ndani ya koti kubwa lililomfanya aonekane mwembamba zaidi. Alipowaona hakuja mbio. Alikuja kama anaingia darasa la watu wengine. Akamshika mkewe usoni kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mtoto, akanyoosha mikono.

Eli alimtazama. Alimtazama kwa muda, paji la uso limekunjamana, akitafuta labda ile simu. Kisha mdomo wa chini ukaanza kucheza, akajikunja mgongo, akalia, na mikono ya baba yake ikashuka pole pole ikabaki imening'inia. Getrude hakuwahi kuona uso wa mtu ukianguka namna ile. Nehemia akasema haidhuru, ni haki yake, apewe muda, watakwenda nyumbani kwanza.

Getrude alikuwa amechoka mpaka kwenye nywele. Lakini alikwisha kuishusha ile kanga iliyopauka begani.

"Geuka," akamwambia.

"Nini?"

"Geuka, inama kidogo."

Akageuka, maana alikuwa mtu wa kusikia. Akamtupia mtoto mgongoni, juu ya koti, akapitisha kanga, akakaza fundo kifuani pake. Eli alikuwa analia palepale kwenye sikio la baba yake. Getrude akamshika Nehemia mabega, akayashusha, akamgonga nyuma ya magoti yalegee.

"Haya. Twanga."

"Getrude, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Twanga, Mwalimu."

Na mtu yule wa Same, ambaye hakuwahi kushika mchi tangu azaliwe, akaanza kupanda na kushuka katikati ya ukumbi wa wanaowasili, vibaya sana, bila mapigo. Getrude akamhesabia kwa kuvuma ule wimbo wa uani. Akakosea, akarudia, akakosea tena, safari hii kwa uzuri kidogo. Watu walipita na masanduku yao pande zote mbili. Na Getrude, aliyekuwa anatazama shavu la mtoto likijishauri juu ya koti lile geni, hakujua kwamba na yeye, mikono mitupu, magoti yamelegea, alikuwa bado anatwanga.